Sauti ya Mama Mzee wa Kichina

Mwenye kunifuata tangu mwanzo anajua nilipokwama. Kiwanda kimeacha kutuita kazini. Mabati ya jikoni nimeyauza, yamegeuka unga, na unga umekwisha kuliwa. Mke wangu Émérence amerudi kwa mama yake, upande wa pili wa mtaa wetu wa Kikula, na beseni la nguo kichwani. Asiyenifuata, hayo yamtoshe. Aingie tu, akae.

Mara ya mwisho mliniacha nimepiga magoti. Mado, binamu wa mke wangu, alikuwa ameniletea neno la mama mkwe wangu, Mama Henriette: “Mwanaume bila kazi ni mugeni mu nyumba yake. Siku bantu batamuona mu kazi, Émérence atarudia.” Na jioni ileile kazi ilinipata. Nilimshukuru Mungu mpaka magoti yakauma.

Nilishukuru mapema.

Lazima niseme jambo moja kwa wasomaji wa mbali. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani. Hiyo ndiyo heshima ya buko, yaani ya ukwe. Nikimwona Mama Henriette anakuja njiani, mmoja wetu anakata kona. Akitaka kuniambia neno, neno linapitia kinywa cha mtu mwingine, mara nyingi Mado. Tangu nioe, hajawahi kunisemesha. Lakini sauti yake naijua kuliko ya mtu yeyote mjini Likasi. Nimeisikia kupitia kuta.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mdomo.

Germain alikuwa na ukumbi wa video karibu na soko la Kikula: televisheni moja, mabenchi, jenereta nyuma ya ukuta, na madirisha yaliyozibwa kwa makatoni ili mchana uwe giza. Filamu za kupigana zilimfikia zikisema Kifaransa. Watu wake walitaka Kiswahili. Katikati lazima asimame mtu wa kufasiri. Fidèle, aliyesimama pale, alikuwa ameacha filamu na kwenda machimboni Shinkolobwe kuchimba mawe ya madini na wenzake.

Germain alinikuta nikitoka katika masomo ya jioni, pale parokiani, mahali ninapojifunza Kifaransa kwenye dawati lisilotosha magoti yangu.

“Baba Aimée,” aliniita kwa jina la mtoto wetu, “Kifaransa unasikia?”

“Ninajifunza, patro,” nilisema, yaani bosi.

“Sikuuliza kama unajifunza. Hata mwizi anajifunza. Unasikia?”

“Ninasikia.”

“Njo vizuri,” alisema Germain, na njo ya kwetu ni ndiyo. “Siku ya Mungu, nyuma ya Misa. Bantu bakifurahi, kazi ni yako. Bakilala, utarudia kwa dawati yako.”

Jumapili ile nilisali rozari nzima nikitembea. Nilimwomba Mungu vitu viwili tu: kazi na mke. Niliviomba kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani nyumba ikiwaka.

Nje ya ukumbi nilikuta umati. Mchoraji wa Germain alikuwa amechora ubao mkubwa: Mchina kifua wazi, anavunja ukuta kwa kichwa, maiti zimelala miguuni pake, damu inatiririka mpaka kwenye fremu. Vijana walikuwa wameshaanza kurushiana mateke mbele yake.

“Ni filamu ya nguvu,” nilimwambia Germain.

“Sijui. Kaseti ilifika jana na lori ya unga. Muchoraji alichora ile alikuwa anatamani.”

Hapo moyo wangu ulishtuka kidogo. Niliusemesha, ukatulia.

Niliwekwa mbele, kando ya televisheni, nikiwa nimewageukia watu nusu. Nyuma kabisa Germain alikuwa ametundika kitenge kutoka ukuta hadi ukuta, upande wa akina mama. Kikula yote imeoana. Bila kitenge kile, nusu ya watu wangekaa wamefunika nyuso kwa sababu ya buko. Nyuma ya kitenge mtu angeweza kuona kwa upenyo na kucheka bila kumvunjia mkwe heshima.

Sikufikiri ni nani yuko kule. Mama Henriette alikuwa akisema wazi kwamba video ni jiko la Shetani.

Filamu ilianza.

Kijana Mchina alitokea amebeba ndoo mbili. Ukumbi ulipiga makofi. Kijana akajikwaa, akaanguka kichwa kwanza ndani ya pipa la maharage. Mahali fulani kengele ikalia: ting!

Makofi yalikoma.

“Akteri ni nani?” aliuliza Barnabé, fundi wa baiskeli, mtu asiye na sauti ndogo. Kwetu akteri ni yule shujaa, yule asiyekufa.

“Ni huyu,” nilisema.

“Huyu wa mu maharage?”

“Ni mbinu yake. Anaanguka ili adui asimwogope.”

“Aah,” walisema. Walinipa muda.

Akaja mwalimu wa kungfu, mzee mwenye ndevu mpaka kiunoni. Ukumbi ulijiweka sawa. Mzee akakaa chini ya meza, akakumbatia chupa, akafumba macho.

“Na ule muzee?”

“Anasali.”

“Anakoroma!”

“Anasali kwa ndani.”

Na Kifaransa, ndugu msomaji! Parokiani tulikuwa tumejifunza kwamba mwalimu anafungua dirisha, na kwamba kitabu kiko juu ya meza. Katika filamu ile hakuna aliyefungua dirisha. Walisema wote kwa pamoja, mbiombio, kama maji ya bomba lililopasuka. Nilidaka neno hapa, neno pale: kesho, inatosha, nguruwe. Yaliyobaki yalinipita sikioni.

Kama wangepigana, nisingehitaji maneno. Ngumi haina lugha. Lakini hawakupigana. Kijana alipigwa kwa ufagio, akateleza juu ya maganda, akapanda juu ya paa, akaanguka tena ndani ya pipa lilelile. Ting! Kisha akaanza kumfukuza bata. Alimfukuza bata yule sokoni, mtoni, ndani ya nyumba ya mtu anayeoga, na tena sokoni.

“Germain!” Barnabé alisimama. “Ulituchorea damu, unatuletea bata!”

“Ule ukuta wa ku ubao, atauvunja wakati gani?”

“Atauvunja,” nilisema. “Anangojea.”

“Anangojea tuzeeke?”

Mabenchi yalianza kulia. Watu wa karibu na mlango walitoka. Germain alinishika mkono juu ya kiwiko, akanibana.

“Fanya kitu.”

“Filamu njo ile, patro.”

“Nilikuita juu ya filamu, ao juu ya bantu? Bakitoka bote, weye unatoka wa mwisho, na haurudi.”

Niliona migongo yao ikielekea kwenye mwanga wa mlango. Kila mgongo uliotoka ulikuwa unambeba Émérence wangu.

Ndipo akatokea mama mzee.

Kwa kweli nadhani alikuwa mwenye duka tu, yule aliyemwajiri kijana. Alikuwa mnene, amefunga kitambaa kichwani, na upawa mkononi. Alisimama mlangoni, akauweka mkono kiunoni, akaanza kumfokea kijana. Kifaransa chake kilinipita kama treni isiyosimama.

Na kutoka kinywani mwangu ikatoka sauti niliyoijua kupitia kuta.

“Minye, sisemi kitu,” nilisema kwa sauti ile, polepole, nikivuta pumzi puani. “Lakini huyu bwana ya mutoto yangu, iko anakula sawa treni inakula makaa!”

Ukumbi ulivuta pumzi moja.

Kisha ukapasuka.

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Barnabé alikaa chini bila kuangalia kama benchi lipo. Waliotoka walirudi mbio wakiuliza nini, nini. “Minye, sisemi kitu”, yaani mimi sisemi kitu, ilikuwa ya Mama Henriette. Kila mtu wa Kikula aliyewahi kuchota maji karibu naye aliijua. Alianza nayo kabla ya kusema kila kitu.

Nyuma ya kitenge akina mama walipiga vigelegele.

Nikaona njia, nikaifuata. Kijana akawa mkwe asiye na kazi. Mama mzee akawa mama mkwe aliyemfungia binti yake. Bata akawa mahari: mama mkwe amesema bila bata hakuna mke, na bata naye hataki kuolewa na shida. Sasa kila alipomfukuza, ukumbi ulipiga kelele, “Mukamate! Mukamate, bibi yako arudie!” Mzee aliyelala chini ya meza akawa mjomba aliyekuja kusuluhisha, akapewa pombe kwanza.

“Ile njo wajomba bangu kabisa!” alilia mtu.

Germain aliniinulia kidole gumba. Mimi nilitokwa na jasho la furaha. Ndani yangu nilisema: Bwana, ni wewe umefungua kinywa changu. Nawaambia ukweli, nilimtwika Mungu maneno yale.

Mama mzee alirudi tena na tena, na mimi nilimpokea. Maneno ya Mchina nilikuwa nimeachana nayo zamani. Nilikuwa nasema yangu.

Katika kicheko cha akina mama, nilisikia mmoja akicheka kwa kujizuia, kama anayeziba mdomo kwa kiganja. Kicheko kile kilinigusa mahali. Sikugeuka.

Kijana alikuwa amemshika bata hatimaye, anapiga magoti mbele ya mama mzee, na mama mzee anainua upawa. Ndipo jenereta ilikohoa nyuma ya ukuta, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Televisheni ilifumba jicho. Giza tupu.

“Mafuta!” alipiga kelele Germain. “Mukae! Musitoke! Natafuta mafuta!”

“Baba Aimée!” ilikuwa sauti ya Barnabé gizani. “Endelea!”

“Bila picha?”

“Picha ya nini? Ile bata tulimuona kutosha. Endelea!”

“Endelea! Endelea!” Walipiga mabenchi kwa viganja.

Ningeweza kusema: tungoje. Ningeweza kukohoa, kunywa maji. Hakuna Mfaransa aliyekuwa ananisukuma, wala Mchina. Hakukuwa na kitu mbele yangu ila giza na watu walionipenda.

Niliendelea.

“Minye, sisemi kitu,” ilisema sauti ile. “Lakini mwanaume gani anaenda ku masomo na ndevu? Anasoma a, anasoma be. Ile a, tutaipika na mafuta gani?”

Walicheka mpaka wengine wakaomba nisite kidogo.

“Mutoto yangu nilimutoa kwangu munene, maji ilikuwa inateleza ku ngozi. Leo pete inamuanguka ku kidole. Nikamuambia: beba beseni, tuende. Na bwana yake alifanya nini? Alisimama ku mulango na kalamu mu mukono!”

Waliendelea kucheka. Mimi nilikuwa nimeacha kuwasikia.

“Nitamuficha kwangu, pale mbele ya robine ya maji. Na ule mujinga atapita kila asubui sawa vile anaenda mahali. Haendi mahali. Anapita tu. Anaangalia chini juu ya heshima ya buko, kumbe anatafuta kama kanga ya mutoto yangu iko ku kamba, ajue kama alilala muzuri…”

Nilisikia kicheko kimoja tu kimebaki, kavu, cha kijinga. Kilikuwa changu.

Mtu alisukuma mlango. Mwingine alivuta katoni dirishani. Mchana wote wa Jumapili uliingia mara moja, na vumbi lake.

Kitenge kilikuwa sakafuni.

Mahali pake alisimama Mama Henriette. Alikuwa amenipa mgongo. Hata katika hasira ile, alikumbuka buko: alisimama ameuelekea ukuta, ili nisione uso wake naye asione wangu. Mkono uliokivuta kitenge ulikuwa bado umekunjika ngumi.

Kando yake alisimama Émérence. Kiganja chake kilikuwa bado mdomoni. Miguuni pake lilikaa beseni, na nguo zimekunjwa vizuri, juu kabisa sufuria yetu ndogo.

Alikuwa amekuja tayari kurudi nyumbani kwetu.

Mado ndiye aliyetoka nyuma, akapita katikati ya mabenchi, akasimama mbele yangu. Alikuwa anauma mdomo ili asicheke au asilie, sijui.

“Shemeji, Mama anauliza: maneno ile ni ya nani?”

“Mwambie Mama ni filamu iliyosema.”

Mado alirudi nyuma na jibu langu. Ukumbi wote ulimfuata kwa macho. Akanong’ona. Mgongo wa Mama Henriette haukutikisika, ila kitambaa cha kichwani kiliinama kidogo. Mado akarudi.

“Mama anauliza: na wakati televisheni ilizima, nani alisema?”

“Eeeeh!” ulisema ukumbi.

“Pale, Baba Aimée,” alisema Barnabé kwa upole, “omba Mungu.”

Mado alirudi nyuma mikono mitupu.

Germain aliingia na dumu la mafuta, akihema. Hakuona chochote, aliona tu mlango umezibwa na watu wapya waliovutwa na kelele. Akanikumbatia kwa mkono wenye mafuta.

“Kazi ni yako! Unasikia? Yako! Tunaanza tena kutoka mwanzo, hawa bote banataka. Lakini ile ya mama muzee, uirudie yote. Bila mama muzee, ile filamu ni takataka.”

“Patro, siwezi.”

“Unaweza. Nilikusikia mpaka kwa muuza mafuta. Ukikataa, leo jioni natuma mutu aende kumwita Fidèle.”

Nilitoka nje, nyuma ya ukuta, karibu na jenereta. Émérence alinifuata. Alisimama mbali kidogo, beseni kiunoni.

“Minye njo nilimuleta,” alisema. “Hakutaka. Nilimuambia: Mama, kuya usikie bwana yangu anasema Kifaransa mbele ya bantu. Alivaa kanga yake ya Pasaka.”

“Sikujua, Mama Aimée.”

“Kama ungejua, ungenyamaza mudomo. Lakini mu roho ungekuwa unasema yaleyale.”

Nilichora vumbini kwa kidole cha mguu.

“Na minye nilicheka,” alisema. “Njo ile inaniuma. Nilicheka kabla ya kujua ninacheka nani.”

“Ulisikia ile ya kamba?”

Alilipandisha beseni kiunoni. “Nilisikia. Mama na yeye alisikia.”

“Sasa anasemaje?”

“Hatoki. Anakaa mule mpaka mwisho. Ukimutukana tena, ninarudi naye, na beseni yangu. Ukinyamaza na Germain anakufukuza, ninarudi naye vilevile, juu hauna kazi. Neno yake haikugeuka.”

“Basi nifanye nini?”

“Weye njo unasali kila siku,” alisema mke wangu. “Uliza kule.”

Aliingia ndani. Nikabaki na harufu ya mafuta.

Nilisali, lakini sala haikutulia mahali pamoja. Ilizunguka kama yule bata. Nilikuwa nimeomba kazi, Mungu akanipa. Nilikuwa nimeomba mke, Mungu akamleta mpaka ndani ya ukumbi, na sufuria yetu. Sikuwa nimemwomba anishike ulimi. Nani anakumbuka kuomba vile? Nilifanya ishara ya msalaba haraka haraka, kwa sababu jenereta ilianza kuunguruma na mtu alikuwa ananiita kwa jina.

Ukumbi ulijaa hadi juu ya madirisha. Kitenge kilikuwa kimetundikwa tena. Walioona mara ya kwanza hawakuondoka. Walikuwa wanawaeleza wapya, wakinionyesha kwa kidole. Nilikaa kando ya televisheni.

Kijana alitokea na ndoo zake. Akaanguka ndani ya maharage. Ting!

Nilifasiri niliyoyajua, basi. “Anasema: kesho.” “Anasema: inatosha.” “Anasema kitu juu ya nguruwe.”

“Na mbinu iko wapi?” aliuliza mtu.

“Hakuna mbinu. Ameanguka.”

Mzee alilala chini ya meza. “Amelewa,” nilisema.

Minong’ono ilianza. Germain, aliyesimama mlangoni, alijipitishia kidole shingoni. Bata alikimbia sokoni, hakuna aliyempigia kelele. Nilitazama kitenge. Hakikutikisika. Chini yake niliona kanga ya Pasaka, na kando yake ukingo wa beseni.

“Lete mama muzee!” alisema Barnabé.

“Mama muzee! Mama muzee!” Walipiga mabenchi.

Akatokea. Kitambaa kichwani, upawa mkononi. Akauweka mkono kiunoni, akafungua kinywa, na Kifaransa kikamiminika.

Ukumbi ulinyamaza ili unisikie.

Nilifungua kinywa. Sauti ya kutukana ilikuwa tayari kooni, imeiva. Niliimeza. Sauti nyingine sikuwa nayo.

Mama mzee alifoka, na hakuna aliyemfasiri. Mtu mmoja alipiga mluzi. Germain aliondoka mlangoni, akaanza kupita kati ya watu kuja kwangu.

“Kijana.”

Sauti haikutoka kwangu. Ilitoka nyuma, kule kwenye kitenge. Germain alisimama katikati ya hatua yake.

“Kijana wa Kichina,” ilisema sauti ya Mama Henriette. Haikuwa sauti ya kupitia ukuta. Ilikuwa wazi, na ilitetemeka mwanzoni kama ya mtu anayesoma somo kanisani mara ya kwanza. “Unafikiri ninapenda huu upawa? Nililea binti peke yangu. Nilimupa mwanaume juu alikuwa na kazi na roho. Sasa kazi ilikufa. Sikuiua minye. Kazi ilikufa kwa bantu bote.”

Hakuna aliyecheka. Barnabé alivua kofia.

Katika televisheni mama mzee alikuwa akitikisa upawa, na maneno yalimtoshea kinywani kana kwamba yaliandikwa kwa ajili yake.

“Lakini mutoto wangu alikuya kwangu, na usiku anaficha analia. Njo maana nilimufungia. Sikumufungia juu ya bata. Nilimufungia juu sikujua kama mwanaume yake angali anamutafuta. Hakuna mutu alinisemesha. Mu desturi yetu, mukwe hasemi na mukwe. Nitajua namna gani?”

Jenereta peke yake iliunguruma.

Tangu nioe, haya ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kunielekezea. Wala hakuna mzee wa Kikula angeweza kusimama na kusema amevunja buko. Alikuwa nyuma ya kitenge. Alikuwa anasema na Mchina.

“Basi sema, kijana,” ilisema sauti. “Mbele ya bantu bote. Acha kuchekesha bantu. Unamutaka? Utamulisha nini? Na ukikosa cha kumulisha, utamuambia nini, ili akae?”

Chini ya kitenge niliona beseni likisukumwa mbele kidogo, ubavu mmoja nje ya kitambaa, kisha likasimama. Sikujua ni mguu wa nani ulilisukuma.

Katika televisheni mama mzee alishusha upawa, akanyamaza, akamtazama kijana. Kijana alijifuta maharage usoni kwa mkono wa shati. Bata alikuwa chini ya kwapa lake.

Akafungua kinywa.

Na ukumbi wote ukanigeuzia shingo, ukingoja jibu langu.